Rafu za Mninga Hazisomi

Mwandishi aliyesifu nyumba za kifahari zenye maktaba binafsi anadai kuwa chumba cha vitabu ndicho kipimo cha ustaarabu wa mwenye nyumba. Hapana. Kinapima mfuko wake, na ustadi wa seremala aliyempasulia mninga.

Nairobi ipo maktaba ya McMillan, yenye nguzo ndefu mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 kumkumbuka tajiri Northrup McMillan. Jengo ni zuri, sibishi. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Uzuri wote ule ulilindwa dhidi ya wenye nchi. Huo nao tuuite ustaarabu?

Huku Mbulu, Tanzania, mambo yalikuwa kinyume: Wairaqw wa zamani walichimbia tembe zao mlimani, paa la udongo likalingana na ardhi, adui apite asizione. Masimulizi yalikuwa ndani, na aliyeketi motoni aliyasikia bila kuonyesha kadi.

Nakubali jambo moja: mpenda vitabu anahitaji mahali pa kuviweka. Nyerere alikuwa navyo tele Butiama. Ila yeye alimtafsiri Shakespeare, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, ili na wengine wasome.

Na lugha ya Wairaqw hao ina kitabu chake: kamusi ya Kiiraqw kwa Kiingereza ilichapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 2002. Mwandishi anionyeshe nakala yake katika mojawapo ya rafu anazozisifu, kisha aniambie ni mtoto gani wa Bashay, huku Mbulu, anayeruhusiwa kuifungua.