Mvua ya Kawangware Hufika River Road

Wenzangu wa River Road, nanyi majirani zetu wa Kawangware, Kangemi, Lavington na Kileleshwa: masika yanakaribia, na hakuna mtaa utakaojikinga peke yake.

Vimbunga vya baharini havitufikii huku bara. Hata Hidaya, kilichoipiga pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, hakikupanda mpaka hapa. Lakini kufikia siku hizo Nairobi ilikuwa imeshafurika. Aprili ya mwaka huo maji yaliingia nyumba za Mathare na Mukuru usiku, watu wamelala, na hadi katikati ya Mei zaidi ya watu 200 walikuwa wamekufa nchini kote. Msimu wetu wa hatari haupewi jina. Huja Machi hadi Mei, hurudi Oktoba hadi Desemba, na kwa kuwa tumeuzoea, tunaungoja mikono mitupu.

Tazameni ardhi ilivyokaa. Kutoka mtaa wa Tom Mboya unateremka River Road, kisha Kirinyaga Road, mpaka Mto Nairobi wenyewe. Mto huo huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita Kawangware, hupita Chiromo, ndipo hutufikia. Mito ya Kirichwa nayo hubeba maji ya Lavington na Kileleshwa na kuyamwaga humo humo. Chupa iliyotupwa mtaroni Kawangware haina safari nyingine ila hii ya kuja kuziba daraja huku chini.

Ndiyo maana nawaomba kwanza nyinyi wa mitaa ya magharibi, maji yanakotoka. Pale palipokuwa na nyumba moja na bustani sasa pana ghorofa na uwanja uliofunikwa saruji hadi ukutani, na maji hayana pa kupenya. Wenye nyumba, acheni sehemu ya udongo wazi. Wekeni matangi. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 50 hutoa lita 5,000, na hizo ni lita ambazo hazitashuka kwa kasi mjini, tena mtazifulia mifereji itakapokauka. Anayejenga ukingoni mwa mto anajua anachokifanya, majirani wasinyamaze.

Sasa sisi wa mjini. Mwenye duka hapa husubiri hadi maji yafike kizingitini ndipo aanze kubeba marobota. Inueni bidhaa sakafuni leo, hasa katika stoo za chini. Keateka wa kila jengo awaonyeshe wapangaji wote swichi kuu ya stima ilipo, izimwe kabla mtu hajakanyaga maji ndani. Leseni, risiti na vitambulisho vitiwe kwenye mfuko usiopitisha maji, pahali pa juu. Wachuuzi wa barabarani ndio wanaoumia zaidi, maana hawana rafu wala mlango wa kufunga. Kila jengo liwatengee kona ya kuhifadhi mizigo yao mvua inapoanza. Hilo halihitaji pesa, linahitaji utu.

Halafu mitaro. Vifuniko vingi vimeibwa, na shimo lisiloonekana chini ya maji ya matope humeza mtu mzima. Tuyawekee mashimo yote alama kwa nguzo au gurudumu kuukuu lililopakwa rangi, na kila chama cha wafanyabiashara kipeleke orodha yake kwa maandishi kwa mwakilishi wa wadi, na nakala ibaki. Maji yaendayo kasi, yakiwa ya sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu. Wenye matatu na bodaboda, msijaribu kuvuka msipoiona lami, hata abiria akisisitiza.

Nyumbani, kila familia ikubaliane mapema itakimbilia wapi na nani atambeba bibi au mtoto. Wekeni maji safi ya kunywa, kwa kuwa kipindupindu hufuata mafuriko. Fuateni taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, na nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandikwe ukutani, kwa kuwa simu huzima.

Napendekeza Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa moja asubuhi, tuzibue mitaro siku moja, Kawangware hadi Kirinyaga Road. Njooni na majembe, makoleo na glavu. Kila mtaa uombe lori la kaunti wiki moja kabla, ili taka tutakazotoa zisibaki kando ya mtaro zikingoja mvua ya kwanza.