Kolwezi: Kupanda kwa mstari kunaweza kupunguza utegemezi wa unga wa Zambia?

Mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, unajulikana duniani kwa kobalti iliyogunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014. Lakini bukari inayopikwa humo kila siku inategemea sana mahindi na unga unaotoka Zambia.

Utegemezi huo umekuwa hatari zaidi. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa: kati ya hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa, karibu milioni 1 ziliharibika. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Februari 2025, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na tangu Oktoba mwaka huo kobalti inauzwa kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Familia inayoishi kwa kuchimba inaweza hivyo kubanwa pande mbili: unga unapanda bei huku pesa ya kuununua inapungua.

Wanasiasa wamelizungumzia jambo hili kwa muda mrefu. Wakati wa Katanga ya zamani, gavana Moïse Katumbi alitaka kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Rais Félix Tshisekedi naye husema kwamba udongo lazima ulipize kisasi kwa madini yaliyo chini yake. Hata hivyo, kuongeza hekta ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni mavuno ya kila hekta, na kwa mkulima mdogo wa Kongo mara nyingi hayafiki hata tani 1.

Sababu moja iko katika namna ya kupanda. Mhindi hujenga chakula chake kwa mwanga wa jua unaopokelewa na majani. Mkulima anayechimba mashimo yenye nafasi ya mita moja kila upande na kutia mbegu tatu katika kila shimo anapata mimea 30,000 kwa hekta. Mimea hiyo mitatu inatiliana kivuli, huku mwanga unaoanguka katikati ya mashimo ukilisha magugu. Akivuta kamba na kuacha sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mbegu na mbegu, anapata mimea zaidi ya 53,000, na majani yanafunika udongo mapema. Kipindi muhimu zaidi ni wiki chache kabla na baada ya mahindi kutoa ndevu: mhindi ukikosa mwanga wakati huo, punje zinapungua.

Mbegu nayo ina neno lake. Mahindi marefu yenye majani mapana yanayolala hayapendi kubanana. Mengine huanguka, mengine hukosa hata gunzi. Mbegu chotara fupi, zenye majani yaliyosimama, huruhusu mwanga kufika chini na hustahimili msongamano. Ngano, inayolimwa katika milima ya Lubero, Kivu Kaskazini, ina kanuni hiyo hiyo: aina ya mbegu na namna ya kupanda huenda pamoja.

Kamba peke yake haitoshi. Udongo mwingi wa Katanga una asidi na upungufu wa fosforasi. Mimea mingi bila chokaa wala mbolea hugawana njaa, na mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu. Palizi ikichelewa, magugu hula faida yote.

Swali gumu zaidi ni la ardhi. Nani atatia chokaa, ambayo faida yake huendelea kwa misimu kadhaa, katika shamba linaloweza kugeuka mgodi kabla ya mavuno yajayo? Kasulo imeonyesha jinsi mtaa mzima unavyoweza kugeuka mashimo. Pesa za madini zinazobaki mkoani zingeweza kulipia chokaa na mbegu, lakini mkulima anahitaji kwanza uhakika kwamba shamba litabaki lake.