Masta Silinda ya Klachi: Kazi Hii Tunaiweza Wenyewe



Karafuu mbichi haingoji mtu. Ikilala guniani huchemka ikaharibika, na jua la kesho halitairudishia thamani yake. Basi gari kuukuu ya shamba ikikataa kuingia gia njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake, bali ni ya mchumaji na mwanikaji pia.

Yapo mazoea ambayo hatuyapendi. Gia zikianza kulia, husemwa mara moja kwamba sahani ya klachi imekwisha. Giaboksi hushushwa, fedha hulipwa, na ugonjwa hubaki pale pale. Wengine huongeza mafuta kila asubuhi wakatawakali. Rai yetu ni kwamba mwanachama atazame kwanza masta silinda, na ikiwa ndiyo mbovu, aibadili mwenyewe nyumbani kabla ya msimu.

Kuitambua si kazi kubwa. Kikanyagio kikishikiliwa kwa mguu kikawa chazama polepole, na mafuta kikombeni hayapungui, yaelekea mpira wa ndani umelika. Mafuta yakipungua, tazama nyuma ya kikanyagio: pakiwa pamelowa, masta silinda yavuja, pakilowa chini, ubavuni mwa giaboksi, ni silinda ndogo. Land Rover za Series II, zilizoanza kutoka mwaka 1958, zina klachi ya mafuta ya namna hii, na pikapu nyingi za Kijapani kadhalika.

Gari isimame mahali tambarare, magurudumu yatiwe vizuizi. Tandika matambara, kwani mafuta ya breki hula rangi. Nyonya mafuta, fungua mrija kwa spana ya kadiri yake, chomoa pini ya kikanyagio, kisha fungua nati. Silinda mpya ilinganishwe na ya zamani, hasa upana wa tundu. Ikiwa nyembamba haitasukuma mafuta ya kutosha. Kijiti cha kusukumia kiachiwe nafasi kidogo, la sivyo mafuta hayatarejea kikombeni na klachi itateleza.

Kutoa upepo kwahitaji watu wawili. Mmoja akanyage na kushikilia. Wa pili afungue nati ndogo ya silinda ya chini, aifunge kabla mguu haujainuliwa. Warudie mpaka mapovu yaishe, na kikombe kisikauke. Mafuta yawe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Oili ya injini huvimbisha mipira ikaiharibu.

Wapo watakaosema kila kazi na fundi wake. Kweli, na gari ambayo breki na klachi zachangia kikombe kimoja ni bora fundi aikague kabla haijapanda kilima. Lakini fundi mmoja hawezi kuwa Wete na Mkoani siku moja, na msimu ukifika kila mtu humtaka yeye.

Kwa hiyo twapendekeza kila tawi linunue seti moja ya spana na mpira wa kutolea upepo, vitu hivyo viwe amana ya wanachama wote. Gari ijaribiwe tupu kwanza, ndipo ipakiwe magunia.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wassalaam,
Katibu