Ruzuku kwa gari ambalo lingenunuliwa tu

Mwishoni mwa Desemba 2025 serikali ya China ilitangaza kuwa itaendelea, kwa mwaka wa tatu, kumlipa mwenye gari kuukuu anayekubali kulitoa likawe chuma chakavu na kununua jipya. Akinunua la umeme anarudishiwa asilimia 12 ya bei, mradi isizidi yuan 20,000. Akinunua la petroli lenye injini ndogo anapata asilimia 10, isizidi yuan 15,000. Fedha nyingi zilikuwa zimekwishatumika kabla ya hapo. Mwaka 2024 zilitengwa yuan bilioni 150 kwa ajili ya watu kubadilisha magari, majokofu na vifaa vingine vya nyumbani, na mwaka 2025 zikafanywa bilioni 300. Zote zilitokana na hati fungani za serikali, yaani mkopo.

Huu ni uamuzi mbaya, na ubaya wake ulijulikana zamani. Mpango wa namna hii umepita Ufaransa, Ujerumani na Marekani, na kila ulikopita uliacha hesabu ambazo waziri yeyote wa fedha angeweza kuzisoma.

Wanaoutetea wana hoja zao. Husema viwanda vya magari vinabeba ajira nyingi na haviwezi kuachwa vife wakati wa msukosuko. Husema pia gari jipya linakula mafuta kidogo na linachafua hewa kidogo. Hayo ni kweli kwa kiasi chake. Wamarekani waliotoa magari yao mwaka 2009 walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 6.7 kwa lita moja, na mapya waliyoyachukua yalitembea zaidi ya 10. Lakini swali la uchumi halijibiwi kwa kipimo cha mafuta.

Linajibiwa kwa swali jingine: mnunuzi huyu angefanya nini kama ruzuku isingekuwepo?

Marekani ndiko swali hilo lilikochunguzwa kwa kina. Majira ya joto ya 2009 General Motors na Chrysler zilikuwa zimeingia mahakamani kwa kufilisika, na Rais Barack Obama akatia saini sheria ya kuwapa wenye magari yanayobugia mafuta dola 3,500 au 4,500 wakinunua jipya. Dola bilioni 1 ya mwanzo ilitoweka ndani ya siku chache. Bunge likaongeza bilioni 2, na kufikia Agosti 24 nazo zilikuwa zikiyoyoma. Magari takriban 677,000 yalikuwa yamebadilishwa. Yadi zilijaa wateja, na wanasiasa wakasema dawa imefanya kazi.

Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walifanya jambo ambalo wanasiasa hawakulifanya: waliendelea kuhesabu baada ya mpango kufungwa. Walilinganisha miji yenye magari mengi yaliyostahili ruzuku na ile yenye machache. Wakakuta kwamba katika Julai na Agosti ruzuku iliongeza mauzo ya magari yapatayo 370,000. Kisha miezi iliyofuata miji ileile iliyonunua sana ikanunua pungufu, mwezi baada ya mwezi, hadi kufikia Machi 2010 karibu ongezeko lote lilikuwa limefutika. Walipotafuta alama yake katika ajira za miji hiyo, hawakuiona. Mauzo ya vuli na ya kipupwe yalikuwa yamevutwa tu yakafanyika kiangazi, na mlipakodi ndiye aliyelipia uhamisho huo.

Kuna uchunguzi mwingine unaouma zaidi. Mark Hoekstra, Steven Puller na Jeremy West waliitazama Texas. Sheria iliweka mstari: gari linalotembea kilomita 7.7 kwa lita au pungufu linastahili, linalozidi kidogo tu halistahili. Wakazilinganisha familia zilizokaa pande mbili za mstari huo, ambazo kwa mengine yote zilifanana. Takriban asilimia 60 ya ruzuku ilikwenda kwa watu ambao wangenunua gari katika miezi hiyohiyo miwili hata bila kupewa senti. Waliobaki waliharakisha ununuzi kwa miezi isiyozidi minane. Na kwa kuwa sharti la mafuta liliwasukuma wengi kutoka kwenye magari makubwa kwenda kwenye madogo ya bei nafuu kama Toyota Corolla, jumla ya fedha zilizotumika kununua magari mapya nchini ilipungua kwa dola bilioni kadhaa. Mpango ulioanzishwa ili viwanda vipate fedha ulivipunguzia fedha.

Baada ya hapo ni vigumu kuwa na subira na anayeonyesha foleni ya wateja wa wiki ya kwanza kama ushahidi. Ufaransa ilianza kuwalipa wenye magari yaliyopita miaka 10 mwaka 1994, chini ya waziri mkuu Édouard Balladur, na mrithi wake Alain Juppé akaendeleza. Mwaka 1996 yalisajiliwa magari mapya zaidi ya milioni 2.1. Ruzuku ilipokwisha, mwaka 1997 yakawa milioni 1.7. Ujerumani ilitumia euro bilioni 5 mwaka 2009, euro 2,500 kwa kila gari, ikasajili magari milioni 3.8. Mwaka uliofuata yalikuwa milioni 2.9. Na China yenyewe imekwisha kuonja: ruzuku ilipokauka katika miji mingi, mauzo ya ndani ya nchi ya Novemba na Desemba 2025 yalishuka chini ya yale ya miezi hiyo mwaka uliotangulia, ingawa wanunuzi wa magari ya umeme walijua kuwa kuanzia Januari wataanza kutozwa nusu ya kodi ya ununuzi. Jibu la Beijing lilikuwa kukopa tena.

Na kilichoharibiwa hakihesabiwi na yeyote. Huko Marekani sheria iliagiza kila injini iuawe. Fundi alimwaga oili, akajaza mchanganyiko wa maji na silikati ya sodiamu, kisha akaiendesha hadi ikanoki. Injini hizo zilikuwa zimefika zikifanya kazi, kwa sababu sheria ilitaka gari liwe linatembea. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta injini ya mtumba Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, anaelewa ni mali kiasi gani ilizimwa pale. Aliyeumia ni familia ya Kimarekani isiyonunua gari jipya katika maisha yake yote, ile inayosubiri la mkononi lishuke bei, na ambayo ruzuku hiyo haikuwa na shilingi yake.

Wajerumani wao hawakuua injini. Agosti 2009 chama cha wapelelezi wa polisi kilikadiria kuwa magari yapatayo 50,000 yaliyokwisha kulipiwa ruzuku ili yasagwe yalikuwa yamesafirishwa kinyemela kwenda Afrika na Ulaya Mashariki, ambako yaliendelea kubeba watu.