Mjeledi hauhitaji mkalimani

Ijumaa Kuu ikikaribia, ubishi huwa ule ule: katika filamu zote za Yesu, ipi ya kweli? Na jibu hutoka kabla swali halijaisha: ile ya Mel Gibson. "Ndivyo ilivyokuwa," watu husema huku wakifuta machozi. Wamejuaje?

Ukiwabana wanataja lugha na damu. Lugha kwanza. The Passion of the Christ ya mwaka 2004 inazungumzwa Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, na sisi tukisikia lugha tusiyoielewa tunaamini tumefika Yerusalemu. Lakini mashariki mwa dola ya Kirumi, lugha iliyowakutanisha mtawala na wenyeji ilikuwa Kigiriki, hicho hicho kilichotumika kuandika Injili. Kwenye filamu hiyo hakimo. Pilato na Yesu wanajibizana kwa Kilatini kana kwamba wamesoma seminari moja.

Damu sasa. Mathayo, Marko na Yohana wanapita kwenye mijeledi kwa maneno machache tu, kisha wanaendelea. Luka hata hasemi kwamba Yesu alipigwa mijeledi. Anamnukuu Pilato akisema atamwadhibu na kumwachia. Gibson ameyachukua maneno hayo machache akayageuza dakika kadhaa za nyama kuchanika. Na yule mke wa Pilato anayempelekea Mariamu vitambaa? Tukio hilo usilitafute kwenye Injili, halimo. Limetoka kwenye maono ya Anne Catherine Emmerich, mtawa wa Kijerumani, yaliyochapishwa mwaka 1833. Sina ugomvi na maono ya mtawa. Ugomvi wangu ni na anayeyaita ushahidi.

Kwenye vibanda umiza filamu za nje huwekewa sauti ya mtu wa kututafsiria. Hii ya Gibson haina haja naye. Mjeledi hauhitaji mkalimani. Mafundisho yamo, lakini kwa vipande vifupi vya kumbukumbu, na mtu anatoka ameona namna Yesu alivyouawa bila kujua ni maneno gani yaliyowakera wakubwa hadi wakataka auawe.

Gibson alipiga sehemu ya filamu yake Matera, mji wa mapango kusini mwa Italia. Miaka arobaini nyuma alikuwa ametangulia hapo hapo Pier Paolo Pasolini, Mmarx asiyeamini Mungu, na Injili ya Mathayo mkononi. Filamu yake ya mwaka 1964 haina rangi. Yesu wake ni Enrique Irazoqui, mwanafunzi Mhispania wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwa mwigizaji. Mariamu mzee ni mama mzazi wa Pasolini. Umati ni wanakijiji wenye mapengo na nyuso zilizochomwa na jua, si watu wa kukodiwa waliopakwa vumbi asubuhi.

Na Yesu huyu anaongea! Anatembea kwa haraka, anageuza shingo na kuwarushia wanafunzi maneno wakimkimbilia nyuma, na maneno yenyewe ni ya Mathayo. Akiwakemea Mafarisayo unaelewa kwa nini watu wenye vyeo hawakulala. Hukumu ya Pilato inaonekana kwa mbali, juu ya mabega ya watu, kama ambavyo mimi na wewe tungeiona tungekuwepo: hatungekuwa mstari wa mbele.

Wapo watakaoniambia hiyo ni ya Wazungu wasomi. Basi wasikilize muziki wake. Humo umo wimbo wa Utukufu wa Missa Luba, misa iliyorekodiwa na vijana wa Kamina, Katanga, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Ngoma za Kongo zilikuwa zimeshaingia kwenye maisha ya Yesu, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa.

Mwaka jana nilipendekeza ya Pasolini ndiyo tuoneshe Ijumaa Kuu kwenye shuka letu jeupe la kuoneshea filamu. Kijana wa projekta akaniuliza kama ina damu. Nikamwambia kidogo. Akaweka ya Gibson.