Taharuki Bila Maneno: Wito kwa Wahakiki wa Kiswahili

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa taharuki ni nini, atajibu bila kusita kwamba ni ile hamu na wasiwasi wa kutaka kujua litakalojiri. Akiulizwa huundwa vipi, atataja msuko, mazungumzo na sura inayokatizwa pabaya. Majibu hayo yanaitosha riwaya. Kwa filamu, yanapwaya. Ni maoni yangu kwamba wengi wetu tunaihakiki filamu kana kwamba ni tamthilia iliyopigwa picha: tunanukuu maneno ya wahusika, tunaorodhesha maudhui, kisha tunaweka kalamu chini. Kamera na sauti tunawaachia mafundi.

Tutazame mwanzo wa Touch of Evil, filamu ya Kimarekani iliyoelekezwa na Orson Welles na kutolewa mwaka 1958. Picha ya kwanza ni ya mikono inayotega saa ya bomu. Aliyelishika anakimbia, analificha kwenye buti la gari na kutoweka gizani. Mwanamume na mwanamke wanaingia garini na kuondoka. Tangu ile picha ya mikono, kwa zaidi ya dakika tatu, picha haikatizwi hata mara moja. Kamera inapaa juu ya mapaa, inashuka barabarani na kurudi nyuma polepole katika mji ulio mpakani mwa Meksiko na Marekani. Gari linasimamishwa na polisi, linazuiwa na mbuzi, kisha linaendelea. Maharusi wawili, Vargas na Susan, wanatembea kwa miguu kando yake. Mara wamelitangulia, mara limewapita. Wao hawajui. Waliomo garini hawajui. Sisi tunajua.

Hicho ndicho kinaya cha kidrama tunachokifundisha kila mwaka, ila hapa hakikujengwa kwa kauli ya mhusika yeyote. Kimejengwa kwa picha isiyokatizwa. Lau mhariri angaliikata, mtazamaji angalipata nafasi ya kupumua, maana kila mkato unaweza kuruka muda. Hapa hakuna kinachorukwa: dakika ya filamu ni dakika ya bomu. Aidha, kamera inapoliacha gari na kuwafuata maharusi, hofu haipungui bali inazidi, kwa kuwa tusichokiona kingali kinahesabu.

Sauti nayo ina kisa chake. Katika toleo la mwaka 1958, kampuni ya Universal iliweka majina ya wasanii juu ya picha hizo, pamoja na muziki wa Henry Mancini. Haya siyo aliyoyataka Welles. Baada ya kuona jinsi kampuni ilivyoihariri kazi yake, alikuwa ameandika waraka wa kurasa 58 mwaka 1957 akipendekeza marekebisho. Alifariki mwaka 1985 kabla ya kuyaona yakitekelezwa. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliifumua filamu hiyo na kuisuka upya kwa kuufuata waraka huo. Majina yakaondolewa mwanzoni, na pahali pa muziki wa Mancini pakachukuliwa na sauti za mtaa wenyewe: nyimbo zinazotoka milangoni mwa vilabu na redio ya lile gari.

Wapo wanaolipenda toleo la kwanza, na muziki wa Mancini hauna dosari kama muziki. Hata hivyo, nashikilia kuwa toleo la pili lina taharuki nzito zaidi. Muziki wa Mancini unatuamrisha kuogopa. Sauti za mtaa zinatuacha tuogope wenyewe. Redio ya gari inageuka ishara: ikisikika kwa nguvu, mauti yamekaribia, ikififia, yametupisha kwa muda. Tunalisikia gari hata tusipoliona. Kwenye kizuizi cha mpakani, mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio kichwani mwake, na hakuna anayemjali. Gari linaondoka. Maharusi wanabusiana, na papo hapo mlipuko unasikika kabla hatujauona.

Huenda mtu akauliza: haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili? Yanaihusu sana. Sisi ndio tunaofundisha kwamba ngano haiishi katika maneno pekee. Kwamba fanani hupandisha na kushusha sauti, akanyamaza makusudi, na hadhira ikatulia tuli. Anayekubali kuwa kimya cha fanani kina maana hana sababu ya kukataa kuwa mwendo wa kamera una maana. Isitoshe, filamu zinazozungumza lugha yetu zipo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, yenye Kiswahili na Sheng, ni mojawapo. Tukizihakiki kwa mazungumzo yake tu, tutakuwa tumezisikia nusu na kuziona robo.

Basi tunapotazama filamu darasani, tuanze kwa kuuliza: kamera imesimama wapi, na sauti hii inatoka wapi? Pale ambapo istilahi zinakosekana, tuziunde. Kazi hiyo ni yetu, wala hatutafanyiwa na mwingine.