Kurasa Tano Hazihitaji React

Waombe vijana wa programu wa Dar es Salaam wakutengenezee tovuti ya nyumba ya wageni, na swali la kwanza litakuwa: "Tutumie React au Vue?" Tovuti yenyewe itafanya kazi gani, hakuna anayeuliza. Nasema swali hilo huja mapema mno, na anayelipia haraka hiyo ni mteja.

Chukua nyumba ya wageni ya vyumba sita kijijini Saadani. Watu huja kwa sababu hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania bara iliyopakana na Bahari ya Hindi: asubuhi unatafuta tembo, mchana unaoga baharini, kesho yake unapanda boti Mto Wami kutazama viboko na mamba. Mwenye nyumba anahitaji kurasa tano: vyumba na bei, namna ya kufika, safari za boti, picha, na fomu ya kuomba nafasi. Bei hubadilika labda mara mbili kwa mwaka. Kinachohitaji seva ya wingu ni fomu peke yake, na fomu ya HTML imejua kutuma taarifa kwenye seva tangu miaka ya 1990.

Sasa mfikirie msomaji. Yupo Mkata, masika yamekolea, anataka kujua barabara inapitika au la, na nambari ya kupiga. Mtandao unakuja na kukatika. Ukurasa wa HTML ya kawaida humwonyesha maneno kadiri yanavyofika. Ukurasa uliojengwa wote kwa JavaScript ndani ya kivinjari humletea kwanza ganda tupu. Simu ishushe programu, iisome, iiendeshe, kisha irudi kwenye seva kuchukua bei. Hatua moja ikikwama, anabaki kutazama weupe. Na bando linaloliwa ni lake, si la fundi. Tuliionja hali hiyo nchi nzima Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika: kila kurasa nzito ilikuwa adhabu.

Halafu kuna umri. AngularJS ya Google ilitoka 2010 ikashangiliwa. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya isiyopatana nayo, na mwisho wa 2021 Google ikaacha kuihudumia ile ya kwanza. Waliojenga juu yake walijenga upya, au walibaki na nyumba isiyo na fundi. Kurasa za Tim Berners-Lee za mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado zinafunguka kwenye kivinjari cha leo.

Najua majibu. "Soko la ajira linataka React." Kweli, basi jifunze, lakini usimtoze mteja ada ya shule yako. "Biashara itakua." Ikikua, ongeza JavaScript kwenye ukurasa unaoihitaji, si kwenye yote mitano. "Next.js inatoa HTML iliyo tayari." Ukifika hapo umeshakubali kwamba kinachotakiwa ni HTML, nieleze basi kwa nini ubebe mzigo wote ule ili kuifikia.

Sisemi fremuwaki ni mbaya. Mfumo wa tiketi za basi, ambako siti zinajaa huku watu wengi wakizitazama kwa wakati mmoja, unanufaika nayo kweli. Nyumba ya vyumba sita si stendi ya mabasi.

Kabla ya kuchagua chochote, kaa na mwenye nyumba, mwandike kwenye karatasi: nini kinabadilika, mara ngapi, na nani atakibadilisha wewe ukishahama. Jibu likiwa ni bei, mara mbili kwa mwaka, mwachie mafaili ambayo fundi yeyote wa Bagamoyo anaweza kuyafungua na kubadilisha tarakimu bila kukupigia simu.